Kurudi kwenye bajigari: jozi kizimbani, kundi bandani, au ndege wasiozalishwa?

Anayerudi kufuga bajigari, kasuku wadogo wenye asili ya Australia, baada ya miaka mingi mara nyingi huanza na swali la kizimba: kiwe kikubwa kiasi gani, kiwe cha waya mtupu au cha mbao. Swali hilo linaweza kusubiri. Piga kwanza hesabu hii: jozi nne, kila moja ikilea makinda watano kwa mizao miwili, ni ndege 40 wapya ndani ya nusu mwaka hivi. Ondoa mayai tupu na vifo vya hapa na pale, bado watabaki wengi kuliko fito za kutua ulizonazo. Watakwenda wapi? Asiye na jibu la swali hilo hana haraka ya kununua kisanduku cha kutagia.

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Ya kwanza ni kuweka kila jozi kwenye kizimba chake. Ya pili ni kuliachia kundi zima lizaliane ndani ya banda moja. Ya tatu, ambayo wengi huiruka bila kuitazama, ni kufuga kundi lisilozalishwa kabisa. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu.

Vigezo vya kupimia

Pima kila njia kwa mambo matano: muda ulio nao kila siku, na si Jumapili tu, nafasi, pamoja na uvumilivu wa walio karibu nawe kwa kelele za kutwa, kama unataka kujua nani mzazi wa nani, makinda watakapokwenda, na afya ya kifua chako. Hili la mwisho halina budi kuzingatiwa. Bajigari hutoa vumbi laini la manyoya, na kulivuta kwa miaka huwaletea baadhi ya wafugaji mzio sugu wa mapafu. Kama uliwahi kuacha ndege kwa sababu ya kikohozi au pumu, zungumza na daktari wako kabla ya yote, na ukiendelea, ndege wasilale chumba unacholala.

Yanayodaiwa na njia zote tatu

Visanduku vya mbao vya zamani vilivyokaa stoo usivitumie. Utitiri hujificha kwenye nyufa na huweza kukaa miezi bila kula, na virusi vya manyoya navyo ni vigumu kufa. Vizimba vya chuma vinaoshwa na kutumika tena kama havijapata kutu. Wavu mpya wenye zinki usuguliwe kwa siki na kusuuzwa kwa maji mengi, maana ndege huguguna vipande vya zinki na kupata sumu. Vile vifuko vya msasa vilivyokuwa vikivishwa fito, ati vipunguze kucha, vitupe: vinachubua nyayo. Weka matawi halisi yenye unene tofauti, kati ya mm 10 na 20.

Ndege wageni wakae karantini siku 30 katika chumba tofauti, nao wahudumiwe mwisho, baada ya ndege wa zamani. Wapime kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Bajigari wa kawaida ana gramu 30 hadi 40. Wale wa maonyesho ni wakubwa zaidi. Ndege anayekula siku nzima huku akikonda, mfupa wa kifua ukichomoza kama kisu na kinyesi kikiwa na mbegu nzima, huenda ana fangasi wa tumbo aitwaye Macrorhabdus. Kinyesi kinatakiwa kutazamwa kwa hadubini, kwa hiyo usimkisie dawa. Ukoko mweupe wenye vitundu kama sponji kuzunguka mdomo ni utitiri wa uso, na huo hutibika vizuri kwa aivamektini kwa kipimo cha daktari wa wanyama.

Jinsia utaijua kwa ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Dume mzima ana ya buluu. Jike ana ya kahawia, au nyeupe iliyofifia asipokuwa tayari kuzaa. Dume wa lutino (manjano mwenye macho mekundu), wa albino (mweupe mwenye macho mekundu) na baadhi ya wenye mabaka hubaki na ngozi ya waridi au zambarau maisha yote, na hapo ndipo watu huuziwa madume wawili wakidhani ni jozi.

Chakula ni mchanganyiko wa uwele na mbegu za kanari, pamoja na oti kidogo zilizokobolewa, kiasi cha vijiko viwili vya chai kwa ndege mmoja kwa siku. Mbegu peke yake hazitoshi. Ongeza mboga za majani na karoti iliyokwaruzwa, na mfupa wa ngisi usikosekane. Hakikisha wanapata madini ya joto pia, kwa kuwa bajigari anayekula mbegu tupu huvimba tezi ya shingo. Parachichi ni sumu kwao. Moshi wa sufuria isiyoshika chakula ikiungua unaweza kuua ndege wote wa nyumba ndani ya dakika chache. Na lile kosa la wanaoanza na wanaorudi: chombo kinaonekana kimejaa kumbe ni maganda matupu. Puliza kila asubuhi.

Njia ya kwanza: jozi moja, kizimba kimoja

*Nafasi na vifaa.* Kizimba chenye urefu wa sm 60, kina sm 40 na kimo sm 40 kinatosha jozi moja kwa msimu wa kuzaa, ila si kwa mwaka mzima. Kwa hiyo ongeza kwenye hesabu banda dogo au kizimba kirefu cha kupumzikia na kurukia. Kisanduku kifungwe nje ya kizimba ili ukikague bila kuingiza mkono kwa ndege. Ndani kiwe na urefu wa sm 25 na upana wa sm 15 hivi, mlango wa mviringo wa sm 4.5 hadi 5, na sakafu ya kibao kilichochongwa mbonyeo. Juu ya kibao weka maranda ya msonobari yasiyotiwa dawa, unene wa sm 2. Majike wengine huyatoa yote nje, uyarudishe. Sakafu bapa na tupu huwafanya makinda watanue miguu pembeni kama waogeleaji, na ulemavu huo hauondoki usipowahiwa katika wiki mbili za kwanza.

*Kazi ya kila siku.* Kwa jozi nne tenga kama nusu saa asubuhi na muda mfupi jioni: maji, mbegu, chakula cha yai (yai lililochemshwa na kupondwa) kwa wanaolisha, na kuchungulia kila kisanduku. Kuchungulia si anasa, ndiyo kazi yenyewe. Kinyesi hukauka vidoleni mwa makinda kikawa kama saruji. Kilainishe kwa maji ya uvuguvugu kwanza, kwani ukikibandua kikavu utang'oa kucha. Angalia na ndani ya mdomo wa juu. Chakula kikiganda pale, mdomo wa chini huupita wa juu na ndege hukua hivyo. Kiondoe taratibu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.

*Uzazi na kumbukumbu.* Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine. Jike awe na miezi 11 au zaidi, dume miezi 10. Baada ya kufunga kisanduku, yai la kwanza huja kati ya siku 10 na 14, kisha moja kila baada ya siku moja, kwa kawaida manne hadi sita. Kila yai hulaliwa siku 18. Siku ya saba tangu lianze kulaliwa, limulike kwa tochi ndogo: mishipa myekundu ni uhai, njano angavu ni yai tupu. Makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 30 hadi 35, baba akaendelea kuwalisha kama wiki moja. Ukijumlisha, mzao mmoja ni siku 80 hivi.

Kwa kuwa mayai huja siku kwa kupokezana, kinda wa kwanza anaweza kumzidi wa mwisho kwa siku nane au zaidi, na mdogo hukanyagwa. Aliye na vizimba vitatu au vinne vilivyopewa visanduku siku moja anao ufumbuzi: mhamishe mdogo kwa mama mwenye makinda wa umri wake. Mkono wako unuke maranda ya kisanduku kile, na majike wengi hawatauliza lolote.

Pete za utambulisho zisizofunguka huvishwa makinda mguuni kati ya siku ya sita na ya nane. Kusanya vidole vitatu virefu viende mbele, pitisha pete hadi ivuke kiungo, kisha kichomoe kidole kifupi kilichobanwa nyuma kwa kijiti. Ikiteleza ikatoka, rudia kesho. Ikigoma kupita, umechelewa. Namba ya pete na majina ya wazazi yakiwa daftarini, rangi zinaanza kueleweka. Kijani wawili waliobeba buluu iliyojificha hutoa, kwa wastani, kinda mmoja wa buluu katika kila wanne. Dume wa lutino kwa jike wa kijani wa kawaida hutoa lutino walio majike watupu, kwa hiyo unajua jinsia siku makinda wanapoota manyoya. Bila kujua wazazi, habari hizo zote ni kubahatisha.

*Yanayoharibika.* Mayai tupu mzao mzima? Kabla ya kumlaumu dume, shika fito. Fito inayotikisika au laini mno huwafanya washindwe kupandana. Ndege wa maonyesho wana sababu ya pili: manyoya marefu kuzunguka tundu la chini, ambayo wafugaji wao huyapunguza kwa mkasi. Jozi nyingine hazipatani tu. Zikikaa wiki tatu bila kulishana, zibadilishe.

Jike aliyejikunyata chini, manyoya yamevimba, mkia ukipanda na kushuka, huenda ana yai lililokwama. Mpeleke haraka penye joto la nyuzi 30 hivi na utafute daktari siku hiyo hiyo. Baridi na upungufu wa kalsiamu huchangia, na jike mchanga au mnene aliyekaa kizimbani bila kuruka yumo hatarini zaidi. Mwingine huwanyonyoa makinda manyoya anapotaka kuanza mzao wa pili. Wahamishe, au weka kitambaa kizito kati yake nao. Baada ya mizao miwili kisanduku kinatoka, hata kama jike bado anataka. Yeye hatasema amechoka.

*Anayefaa.* Mwenye mkono wa daftari, anayependa rangi au maonyesho, na aliye nyumbani kila siku kwa miezi mitatu mfululizo.

Njia ya pili: kundi kwenye banda moja

*Nafasi na vifaa.* Kwa jozi nne, banda la mita 2 kwa mita 1, kimo cha kusimama mtu, ni mahali pa kuanzia. Likizidi ni bora. Wavu uwe na matundu yasiyozidi mm 12, na pande zinazofikiwa na paka ziwe na wavu wa pili, sm chache nje ya ule wa kwanza. Weka milango miwili yenye kibaraza katikati, maana bajigari aliyetoka harudi. Theluthi moja ya banda iezekwe na kuzibwa upepo.

*Kazi ya kila siku.* Ni ndogo, na hiyo ndiyo sifa yake kuu: chombo kimoja kikubwa cha maji, viwili au vitatu vya mbegu, umemaliza. Ila usafi wa wiki ni mzito, na panya wanaofuata mbegu zilizomwagika ni vita visivyokwisha. Kukagua visanduku kunawezekana, lakini kila ukiingia kundi zima linaruka, na majike hutoka kwa kishindo wakapasua mayai. Wengi huishia kukagua mara mbili kwa wiki, na kwa makinda wenye miguu michafu hilo ni pungufu.

*Uzazi na kumbukumbu.* Kundi huchangamsha uzazi. Bajigari wa Australia huzaa kwa makundi, na sauti za wenzao huwatia hamu. Masharti ni machache lakini hayasamehe. Anza na jozi tatu au zaidi, kwa kuwa jozi mbili peke yake hushambuliana vibaya. Idadi ya madume na majike iwe sawa, asizidi jike hata mmoja. Visanduku viwe mara mbili ya idadi ya jozi, vyote vya umbo moja, vyote kimo kimoja, karibu na paa. Kimoja kikiwa juu kidogo, kila jike atakitaka hicho. Viingize vyote siku moja, kisha usiongeze ndege mpya hadi msimu uishe.

Kuhusu nani mzazi wa nani, usijidanganye. Jike anaweza kuwa na dume wake na bado akapandwa na mwingine, na yai linaweza kutagwa kwenye kisanduku cha jirani. Pete zitakuambia umri, hazitakuambia baba. Baada ya miaka mitatu bila damu mpya, kundi hilo litakuwa ndugu kwa ndugu, na dalili zake ni mizao midogo na makinda dhaifu. Dawa ni kubadilisha madume wote kila misimu miwili, nje ya wakati wa kuzaa.

*Yanayoharibika.* Majike hupigania visanduku, wakati mwingine hadi kuua. Anayevamia huvunja mayai na kuwauma makinda kichwani. Ukimjua mtoe moja kwa moja, pamoja na dume wake ili idadi ibaki sawa. Tatizo kubwa zaidi ni ugonjwa. Makinda wakianza kupoteza manyoya marefu ya mabawa na mkia wakiwa na wiki tano hivi, wakabaki wanakimbia chini badala ya kuruka, mara nyingi chanzo ni virusi vya polioma au vile vya ugonjwa wa mdomo na manyoya. Kizimbani unaweza kuitenga jozi moja. Bandani vumbi limeshawafikia wote. Hapo uzazi unasimamishwa kwa miezi kadhaa, visanduku vinachomwa, na ndege wanapimwa.

*Anayefaa.* Mwenye nafasi nje ya nyumba, anayefurahia kutazama kundi kuliko kuhesabu rangi, aliye na pa kupeleka ndege wasio na nasaba inayojulikana. Kwa mwenye kifua chepesi pia ni nafuu, mradi avae barakoa anapofagia.

Njia ya tatu: kundi lisilozalishwa

*Nafasi na vifaa.* Ndege wanne wanahitaji kizimba cha urefu wa mita moja, na urefu una maana kuliko kimo, kwani bajigari huruka kwenda mbele, si juu kama helikopta. Kizimba cha mviringo kilichochongoka juu ni pambo la sebule tu. Kama wanaweza kutoka na kuruka chumbani kila siku, ni bora zaidi, lakini funika vioo kwanza.

*Kazi ya kila siku.* Robo saa. Muda unaobaki ni wa kuwazoesha mkono, jambo ambalo wazalishaji wengi hawalipatii nafasi.

*Uzazi na kumbukumbu.* Hakuna, na lazima ulilinde hilo. Njia tulivu kuliko zote ni kundi la madume watupu: wanaimba, wanalishana, hawapigani sana. Majike watupu ni wagomvi zaidi. Kundi la mchanganyiko linawezekana bila visanduku, lakini jike aliyeamua kutaga atatumia kifuu cha nazi, bakuli au pembe ya kabati. Ondoa kila penye giza na shimo, punguza mwanga hadi saa 10 kwa siku, acha chakula cha yai. Akitaga, chemsha mayai, yakipoa mrudishie ayalalie hadi achoke mwenyewe. Ukiyatoa papo hapo atataga mengine na kuumaliza mwili wake.

*Yanayoharibika.* Unene kwanza, kisha uvimbe na magonjwa ya uzee, kwa sababu hawa utakaa nao muda mrefu. Bajigari anayetunzwa huishi miaka mitano hadi kumi, pengine zaidi. Anapokufa mmoja kati ya wawili, aliyebaki hudhoofika kwa upweke, ndiyo maana wanne ni idadi nzuri kuliko wawili.

*Anayefaa.* Mwenye kazi za safari, mwenye nyumba ndogo, asiye na pa kupeleka makinda, au asiye na uhakika kama bado ana hamu ile ya zamani.

Kwa hali yako

Unataka buluu, zambarau au manjano kwa mpango, au unawaza maonyesho: vizimba, kuanzia jozi tatu ili upate mahali pa kuhamishia makinda. Jozi moja peke yake hufadhaisha. Ikikosea, huna msaada.

Una ua, una mikono miwili ya ziada siku ya usafi, na kuna watu wanaochukua ndege wa kawaida kwa ajili ya kufuga nyumbani: banda. Weka kizimba kimoja cha uzazi pembeni kwa ajili ya jike mgomvi au kinda aliyetupwa.

Una banda lakini unataka na nasaba: zalisha vizimbani kwa miezi mitatu, kisha waachie wote bandani wapumzike na kuruka, madume upande wao na majike upande wao. Kazi inaongezeka, gharama pia, ila matatizo mengi ya kila upande hupungua.

Unasafiri wiki moja kila mwezi: usifunge kisanduku chochote. Mtu wa kuwekea mbegu anapatikana. Mtu wa kusafisha mdomo wa kinda wa siku tisa ni nadra.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, nunua ndege wa miezi mitatu au minne, wakati mistari ya paji la uso inaanza kutoweka na umri wao haukudanganyi. Hawataruhusiwa kuzaa hadi wafike karibu mwaka. Una miezi saba ya njia ya tatu bila kuamua chochote, na katika miezi hiyo utajua nani kawa jozi na nani, jike yupi ni mgomvi, na wewe mwenyewe unaamka saa ngapi.